Mvumu wa Langoni Kwenye Sinia la Bati

Kwangu Murara, mtaa wa Goma, hakuna udongo. Ukipiga jembe unapata cheche. Parseli, yaani kiwanja changu, nzima ni lava iliyopoa, nyeusi, yenye vishimo vishimo, na anayetaka kupanda hata mche mmoja wa nyanya hununua udongo kwa gunia kutoka kwa akina mama wanaouleta kutoka upande wa Rutshuru au Masisi. Watu wa mtaa wanauchagua kama wanavyochagua maharagwe: wanaushika, wanaunusa, wanauliza umetoka wapi. Mimi nilikuwa sinunui. Mti wangu uliishi kwenye changarawe ya lava niliyoiponda mwenyewe kwa nyundo, na kwa miaka kumi na moja haukuwahi kunidai kitu kingine.

Ulikuwa mvumu, mti wa jamii ya mkuyu, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, limepinda kidogo, na mizizi miwili ilitoka nje na kukumbatia jiwe kabla ya kuzama. Chini ya matawi yake ungeweza kuweka kikombe kivulini. Ulikaa juu ya ukuta mfupi wa mawe mbele ya jikoni, kwenye sinia la bati ambalo zamani tulilitumia kuandalia ugali, na ambalo nililitoboa matundu kumi na mawili kwa msumari.

Mti wa namna hiyo niliuona mara ya kwanza Kampala. Miaka ile nilikuwa napitia Bunagana kwenda kuleta marobota ya mitumba. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa Butembo, nimekaa Beni, nimerudi Goma, nimeondoka tena. Nikiwa mahali pamoja, moyo ulikuwa unakumbuka pengine, na nikifika pengine unakumbuka nilipotoka. Kampala, kando ya barabara ambako wanauza maua na miche, mama mmoja mzee alikuwa na meza, na katikati ya mawaridi yake kulikuwa na mti mzima, wenye shina, matawi na kivuli, ndani ya chungu kifupi kama sahani.

"Huu una miaka mingapi?" nilimuuliza.

"Kama yako."

Nikacheka, nikadhani ananitania kwa sababu ya ufupi wangu. Hakucheka. Aliniambia unaitwa bonsai, akaniwekea kiti, na kwa kuwa basi langu lilikuwa la jioni, nikakaa kwake mchana mzima nikimwangalia akikata vijani kwa mkasi wa kucha. Alisema mtu anapochagua mche asitazame majani, maana majani yanakuja na kwenda. Atazame mguu: shina linavyoingia ardhini, kama limeshika au limechomekwa tu. Na nilipoagana naye aliniambia neno moja ambalo leo natamani nisingelisikia, maana nisingelisikia ningekuwa na udhuru. Alisema: "Maji yapite. Ukiona maji yamekaa, mti umeanza kufa na wewe hujui."

Sikununua. Watu wa duane, wale wa forodha mpakani, wangeuchukua, na kwenye gari, katikati ya marobota, usingefika. Lakini njiani niliwaza kwamba sisi kwetu tuna mvumu, mti ambao ukikata tawi lake na kulisimika linaota bila kuuliza.

Kwetu ni Kalengera, upande wa Rutshuru, hatua chache kutoka barabara kuu. Papa, baba yangu, alipojenga pale hakununua waya wala mbao za uzio. Alifanya kama watu wote wa upande ule: alikata vigogo vya mvumu, akavichimbia kuzunguka boma, na baada ya mvua ya kwanza vigogo vikatoa majani. Kila mwaka alivikata vichwa ili vibaki uzio. Kile cha langoni tu alikiacha, sijui kwa uvivu au kwa kupenda, kikawa mti mkubwa. Mgeni alisimama chini yake kupiga hodi. Papa alipokufa tulikaa chini yake siku zote za msiba.

Basi letu liliposimama Kalengera ili abiria wanunue kabichi, nilikimbia hadi langoni na kisu cha kuazima, nikakata matawi matano ya unene wa kidole na kuyafunga ndani ya kitenge kilicholoweshwa. Mama alitoka na mwiko mkononi.

"Weye! Unakata uzio ya papa yako unapeleka wapi? Goma wamekosa fimbo?"

"Ni za kupanda, Mama."

"Utapanda kwa mawe?"

Dereva alikuwa ananipigia honi. Sikumjibu.

Matatu yalishika. Mawili yalinyooka vizuri, na jirani yangu alisema hayo ndiyo ya kuacha. Mimi nikachagua la tatu, lililopinda, kwa sababu ya mguu wake. Yale mawili niliyatupa. Wakati ule sikuwa na shida ya mvumu. Kalengera kulikuwa na uzio mzima.

Kuutunza hakukuwa kazi kubwa, ila ilikuwa kazi isiyoisha. Nilifunga matawi kwa waya wa shaba niliouchomoa kwenye injini ya pampu iliyokufa, nikayapindisha polepole, na waya nikautoa kabla haujauma ganda. Kila Jumapili kabla ya misa niligeuza sinia robo ili upande wa nyuma nao upate jua. Volkano ilipotoa majivu niliosha jani moja moja kwa kitambaa, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Kila baada ya miaka miwili niliung'oa, nikapunguza mizizi, nikaurudisha kwenye changarawe mpya. Nilipokuwa safarini jirani yangu aliumwagia maji, nami nilimpigia simu kutoka Bunagana kumuuliza habari zake kabla ya kumuuliza habari za nyumba. Alinisema kwa watu. Kweli, katika maisha yangu yote ya kuhamahama, mti ule ndio kitu pekee nilichokuwa narudi kukiona kwa kusudi.

Kisha Mama akaja.

Alikuja na godoro, sufuria mbili na rozari, kama walivyokuja wengi wa upande ule waliokimbia vita. Nyumba ya Kalengera ilikuwa imebaki wazi, na kila aliyempigia simu alimwambia asirudi kwanza. Hakulia. Alikaa kwenye kibao mbele ya jikoni, akatazama parseli yangu nyeusi kutoka ukuta hadi ukuta, akauliza nalima wapi. Nikamwambia hapa hatulimi. Hakuuliza kitu kingine kwa siku nyingi. Alikula kile nilichompa, alilala pale nilipomwonyesha. Mtu aliyekuwa akiamrisha boma zima akawa kama mgeni anayeogopa kuomba chumvi.

Siku aliyoangalia ukutani nilikuwa nakata majani.

"Iyi ni nini unacheza nayo kila siku?"

"Ni muvumu, Mama. Ule wa pa mlango. Yale matawi nilikata."

Alisimama. Alikuja akagusa shina kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka nikaona aibu ya kumtazama. Halafu akarudisha mkono.

"Papa yako alipanda muti ikafunika mulango. Weye, miaka yote iyi, umefikisha apa?" Akaonyesha goti lake. "Mutoto wangu, iyi muti iko na njaa."

"Haina njaa, Mama. Njo vile inakaa. Ni muzee, ila ni mudogo."

"Muzee mudogo!" Alicheka kwa pua. "Wanakufundisha kunyima muti chakula, na weye unashukuru."

Tangu hapo aliusema kila asubuhi. Aliusemea kama mtoto wa jirani anayepigwa. Akichambua maharagwe anauambia pole. Jirani akija anamwonyesha: "Angalia, mama, iyi ni mufungwa. Binti yangu mwenyewe njo mulinzi." Jirani anacheka, nami nacheka, maana ilikuwa furaha kumsikia akitania tena. Na siku moja, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaniomba kitu.

"Ipe udongo," alisema. "Udongo wa kweli. Siombi kingine."

Nilijua. Sitaki kuandika kama mtu ambaye hakujua. Nilijua kwamba kwenye sinia fupi udongo laini hushikamana, unaziba matundu, maji yanakaa. Nilimwambia nitaona. Niliona kwa wiki mbili, na kwa wiki mbili hakurudia ombi lake, akanyamaza ule unyamavu wa siku za kwanza, na huo sikuuweza.

Muuza udongo alipita asubuhi na magunia matatu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Mama ndiye aliyemsimamisha.

"Unatoka wapi, uyu udongo?"

"Uyu wa apa ni Sake, Koko," alijibu, akimwita bibi. "Uyu mwingine unatoka juu, Kalengera."

Mama aliingiza mkono ndani ya gunia hadi kiwiko. Alitoa donge, akalivunja, akalinusa, akaweka chembe kwenye ulimi. Muuza udongo alinitazama kwa macho ya kuuliza kama mzee wangu ni mzima. Kisha Mama akatabasamu, na uso wake ukawa ule niliouacha langoni miaka yote nilipokuwa napita na mabasi.

"Ni wetu," alisema. "Uyu ni wetu."

Sijui kama ulitoka Kalengera kweli. Hao wauzaji husema jina ambalo mnunuzi anataka kulisikia. Nilinunua gunia zima kwa ajili ya sinia moja.

Tuliupanda pamoja mchana ule. Nilimwaga changarawe yote, na mizizi ikabaki uchi, myembamba, myeupe, mizuri kuliko nilivyoitarajia. Mama aliufinyanga udongo kwa vidole kuizunguka, akiushindilia kama anavyoshindilia miche ya kabichi, na mimi sikumwambia asishindilie. Aliongea bila kupumzika: shamba la chini, mwaka wa viazi vikubwa, papa alivyoanguka kutoka juu ya uzio akajifanya anatafuta kitu. Nilikuwa sijawahi kusikia hiyo ya papa. Tulipomaliza mikono yetu ilikuwa myeusi sawasawa. Kama kuna mtu atakayeniuliza kwa nini nilifanya, nitamwonyesha mchana ule tu, sina jibu jingine.

Kwa mwezi wa kwanza ilionekana Mama alisema kweli. Mti ulitoa majani makubwa mara mbili ya yale ya zamani, laini, ya kijani cha kung'aa. Alimwita jirani. "Umeona? Ilikuwa njaa." Alinikataza kuyakata, na sikuyakata. Umbo nililolitafuta kwa miaka likapotea ndani ya majani, nikajiambia si kitu, umbo linarudi.

Mvua za masika zikafika na hazikukoma. Udongo ukawa uji. Nilipoinamisha sinia maji yalikuja upande mmoja yakasimama pale, na hata tundu moja halikutoa tone. Nilizibua matundu kwa msumari kwa chini, kwa siri, Mama akiwa kanisani, na jioni yakawa yameziba tena. Nilivuta sinia chini ya paa. Mama akalirudisha nje: mti wa shamba unataka mvua. Na kwa kuwa alikuwa anaupenda, asubuhi aliuongezea kikombe chake mwenyewe, maji aliyoyaacha yapoe na majani ya chai ndani. Nilisikia kikombe kikigonga bati. Nilikuwa kitandani, macho wazi, na sikusema kitu.

Ungesema, mtu atasema. Ningesema nini? Kwamba mti wa papa unakufa kwa mkono wake? Kila siku nilijiambia kesho. Jani la kwanza la njano lilianguka, Mama akaliokota na kusema ni uzee wa jani. Likaanguka la pili. Lilipoanguka la kumi, aliyaweka yote kwenye mfuko wa kitenge chake.

Hapo nilifanya lile ninalolijua: niliondoka. Niliitwa na wenzangu Bunagana kwa ajili ya mzigo, nikakubali kabla hawajamaliza kueleza. Ningeweza kukataa. Mzigo ulikwama duane, nikakaa siku tisa kwenye chumba cha kupanga, nikitembea mpaka mwisho wa mji na kurudi, mpaka wanajeshi wakanizoea. Kila jioni nilimpigia Mama.

"Muti?"

"Iko."

"Majani?"

"Iko, nakuambia. Uza vitu vyako."

Niliporudi kulikuwa na majani manne. Niliinama kunusa sinia na harufu ikanipanda kichwani, harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kanisani. Niliuchukua pale pale, nikakaa chini na kuung'oa. Haukuhitaji nguvu. Ulikuja wenyewe, na mizizi ikabaki ndani ya udongo. Ile michache iliyobaki kwenye shina, nilipoishika kwa vidole, ganda lake lilibanduka kama karatasi iliyolowa, ndani zikabaki nyuzi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni udongo?" aliuliza.

"Ni mvua, Mama. Mwaka huu mvua imezidi."

"Mutoto wangu." Alisema polepole. "Miye nimelima maisha yangu yote. Unafikiri sijui muzizi uliooza? Maharagwe inaoza vile. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Niliogopa atapiga kelele. Afadhali angepiga. Alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na kitu, na akaingia ndani.

Nilifanya yote ambayo mtu hufanya. Niliosha shina, nikakata mizizi iliyooza mpaka vikabaki visiki viwili, nikaponda changarawe mpya, nikausimika na kuufunga kwa kamba usiyumbe. Nilikata ncha nne za matawi, nikazichomeka kwenye kopo, nikazifunika na sache, mfuko wa nailoni. Kila baada ya siku chache nilikwaruza ganda kwa ukucha kutafuta kijani. Mwanzoni kilikuwa juu, kwenye matawi. Kisha kilishuka chini ya tawi la kwanza. Kisha kilikuwa kwenye mguu tu, alama ndogo kama ya punje ya mchele, na nikaacha kukwaruza kwa kuogopa kwamba ukucha wangu ndio utakaoimaliza. Ncha za kwenye kopo zilisimama wima na kunidanganya kwa majuma matatu. Nilipozichomoa zilikuwa nyeusi kwa chini, bila mzizi.

Ndipo nikampigia mama mmoja wa parokia yetu ya zamani, ambaye yeye hakuondoka Kalengera. Nilimwomba anikatie tawi moja la mvumu wa langoni kwetu, lolote, alitume na dereva yeyote.

"Yule muti?" alisema. "Dada, hukuambiwa? Walikata. Na uzio wote. Watu walikuwa wengi apa, kila mutu anatafuta kuni ya kupika. Na miye nilipika nayo. Unisamehe."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Nilimaanisha. Watoto wake walihitaji kula.

Nilikaa na habari hiyo siku tatu. Sikujua namna ya kuiingiza ndani ya nyumba. Siku ya nne Mama aliniuliza mbona siendi kuomba tawi jingine kwetu, na nilipochelewa kujibu alielewa mwenyewe. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Na wa mlangoni?"

"Nao."

Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo lililosemwa zamani. Hakunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nilikuwa hata na maneno ya kujibu, yakabaki mdomoni bila kazi.

Juzi niliamua kuutoa. Shina lilikuwa limekauka na kugeuka rangi ya mfupa, na ganda lilikuwa linabanduka upande wa jua. Jirani alikuwa ameanza kuuliza kama sinia linaweza kumfaa. Nililishika kwa mikono miwili, nikaliinua kutoka ukutani, na Mama, aliyekuwa anamenya viazi, akanyanyua kisu bila kunitazama.

"Rudisha."

"Mama, umekufa. Hauwezi kuamka."

"Sijasema itaamka." Aliendelea kumenya. Ganda la kiazi lilishuka refu mpaka likagusa jiwe. "Rudisha apo. Acha nizoee kwanza."

Nililirudisha. Sikumuuliza atahitaji siku ngapi, na sidhani anajua. Asubuhi anahamisha kibao chake ili kiangalie ukuta, anafanya kazi zake hapo hapo, na jua likizunguka anahama nalo. Wenzangu wamenipigia mara mbili kutoka Bunagana. Nimewaambia wiki ijayo, na wiki hiyo ikifika nitawaambia hivyo tena, maana siwezi kumwacha peke yake na kile kitu, na nikibaki sina la kufanya ila kukaa jikoni, mlango wazi, nikimwangalia mgongo.